Kilomita Nane Zilizobaki

Haya ni maneno yaliyosomwa na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi mbele ya kamati za maendeleo za sharika na wafadhili. Tunayachapisha kwa kuwa wajumbe wengi waliomba nakala.



Tumeombwa tutoe taarifa ya safari yetu ya Afrika Kusini ya mwezi Juni 2024, tulipokwenda kukimbia mbio za Comrades ili kuchangia mradi wa maji ya zahanati. Tunajua kwamba mengi yamesemwa. Wako waliosikia tumeshinda, na wako waliosikia tumelazwa hospitali. Yote mawili si kweli. Tunaomba mtuvumilie tueleze ilivyokuwa, maana fedha zilizochangwa ni zenu na mna haki ya kujua kila kilomita ilikwenda wapi.

Tuliokwenda tulikuwa wawili: mwuguzi wa zahanati yetu na huyu anayewasomea. Sote tumepita miaka arobaini. Nauli, kiingilio na malazi tulilipa kutoka mifukoni mwetu, na siku tulizotumia zilikuwa za likizo. Hata shilingi moja ya mradi haikutumika. Tunalitaja hili mapema kwa sababu liliulizwa katika sharika tatu, na waliouliza walifanya vema.

Jambo tulilokuwa tukijiandalia

Kusema kweli, lengo letu la kwanza halikuwa Comrades. Tulikuwa tumeanza mazoezi ya triathloni ndefu, yaani shindano la siku moja ambalo mtu huogelea kilomita 3.8, huendesha baiskeli kilomita 180, kisha hukimbia marathoni nzima ya kilomita 42.2. Shindano la aina hiyo lilifanyika kwa mara ya kwanza Hawaii mwaka 1978. Walianza watu 15, wakamaliza 12, na mshindi alitumia karibu saa 12. Afrika Kusini nayo wanalo, katika mji wa pwani uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth na ambao tangu 2021 unaitwa Gqeberha.

Wengine mlitucheka, mkasema mambo hayo ni ya vijana. Lakini mwaka 2012 mtawa mmoja wa Kikatoliki wa Marekani, Sista Madonna Buder, alimaliza triathloni ndefu kule Kanada akiwa na umri wa miaka 82. Alikuwa ameanza kukimbia akiwa na miaka 48. Habari hiyo ilitutia moyo, na labda ilitutia moyo kupita kiasi.

Ndipo lilipokuja wazo la pili. Tulikuwa tunatafuta njia ya kuchangisha fedha za mabomba ya sehemu ya mwisho, kutoka kwenye tangi hadi zahanati. Mfadhili mmoja akasema: kimbieni Comrades, nasi tutatoa ahadi kwa kila kilomita. Tukakubali bila kukaa chini na kuhesabu. Tulidhani kwamba mtu anayejiandaa kwa triathloni ameshajiandaa kwa kila kitu. Kosa letu la kwanza lilikuwa hapo.

Mbio zenye historia ndani ya nchi yetu

Comrades ni ultramarathoni, yaani mbio zinazozidi urefu wa marathoni. Hukimbiwa kati ya miji ya Durban na Pietermaritzburg. Kwa kawaida mwaka mmoja watu hupanda kutoka pwani, na mwaka mwingine hushuka kwenda pwani. Mwaka 2024 ulikuwa wa kupanda, karibu kilomita 86.

Aliyezianzisha ni Vic Clapham, dereva wa treni. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa askari wa Afrika Kusini, na vita vyake alivipigana hapa kwetu, wakati nchi hii ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alitembea kwa mguu kama kilomita 2,700 katika joto, njaa na malaria, wakifuata jeshi la Wajerumani na askari wao. Aliporudi kwao alitaka kumbukumbu ya wenzake waliokufa, na akataka iwe mwendo mgumu kama ule walioupitia. Kwa hiyo, ndugu zangu, mbio hizi zilikimbiwa kwanza Natal, lakini wazo lake lilipikwa katika njia zetu na mapori yetu.

Tunaposema hayo tusiwasahau wapagazi. Makumi ya maelfu ya Waafrika walikufa katika vita hiyo wakibeba mizigo ya majeshi, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyewakimbilia mbio za kumbukumbu.

Clapham aliomba ruhusa ya kuanzisha mbio hizo mwaka 1918, akakataliwa. Akaomba 1919, akakataliwa. Akaomba 1920, akakataliwa tena. Mwaka 1921 chama cha askari wastaafu kilimkubalia, kikamkopesha pauni moja ya gharama. Tunaomba kamati zilizorudishiwa maandiko yao ya miradi mara mbili au tatu wakumbuke pauni hiyo moja. Tarehe 24 Mei 1921 walianza watu 34, wakamaliza 16. Mshindi, Bill Rowan, alitumia saa 8 na dakika 59.

Upo pia upande wa huzuni. Mbio zilizobeba jina la urafiki wa vitani hazikuwakubali rasmi wanawake wala watu weusi hadi mwaka 1975. Frances Hayward alikataliwa kujiandikisha mwaka 1923. Akakimbia hivyo hivyo na kumaliza, bila medali, ila watu wakachanga wakamnunulia zawadi. Robert Mtshali, Mwafrika, alimaliza mwaka 1935 kwa saa 9 na nusu, na jina lake halikuandikwa katika matokeo. Mshindi wa kwanza mweusi, Sam Tshabalala, alipatikana mwaka 1989. Tangu 2019 iko medali yenye jina la Mtshali. Ilichukua miaka 84.

Maandalizi

Masharti ya mwaka 2024 yalimtaka mkimbiaji awe amemaliza marathoni chini ya saa 4 na dakika 50. Tulikwenda Moshi mwezi Februari 2024, tukakimbia Kilimanjaro Marathon na kupata muda huo.

Ratiba yetu ya juma ilikuwa hivi. Jumatatu tulipumzika. Jumanne na Alhamisi tulikimbia alfajiri kabla ya kazi. Jumatano na Ijumaa tuliogelea ziwani. Jumamosi tuliendesha baiskeli za mtumba za gia kwa saa nne hadi tano, tukigombania barabara na malori. Jumapili jioni, baada ya ibada na shughuli za nyumbani, tulikimbia mwendo mrefu.

Kuogelea katika Ziwa Victoria si jambo la kulichukulia wepesi. Mwuguzi wetu alikataza tusiingie mahali penye matete na maji yaliyotuama, kwa sababu konokono wanaobeba kichocho hupenda hapo, na vimelea huingia kwa kupenya ngozi. Tuliingilia mwaloni penye maji mengi, wavuvi wakituangalia kwa ajili ya mamba, na baadaye tulipima na kumeza praziquantel zahanatini. Tunawaomba wazazi wafuate utaratibu huo huo kwa watoto wanaocheza ziwani, hata kama hawana mpango wa triathloni.

Mazoezi ya namna tatu yana faida yake. Mapafu na moyo hupata nguvu bila magoti kugongwa kila siku. Lakini tulijifunza kwa gharama kwamba moyo haujui kama unaendesha baiskeli au unakimbia, ila miguu inajua. Mifupa, kano na misuli ya mapaja hukomaa kwa kukanyaga barabara, hasa kwenye miteremko, ambako paja hufanya kazi ya breki. Sisi tulikuwa na moyo wa kilomita 86 na miguu ya kilomita 50. Juu ya hilo, wiki mbili tu kabla ya mbio, huyu anayewasomea aliendesha baiskeli kilomita 150 kwa sababu ratiba ya triathloni ilisema hivyo. Mwuguzi alikataa, akalala. Mtaona matokeo yake.

Siku yenyewe

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa mbele ya jengo la halmashauri ya jiji la Durban, giza bado, pamoja na maelfu ya watu. Wimbo wa taifa wa Afrika Kusini ulipoanza, tulishtuka. Sehemu yake ya kwanza ni Nkosi Sikelel' iAfrika, ule uliotungwa na Enoch Sontonga mwaka 1897, na tuni yake ndiyo ya Mungu Ibariki Afrika. Tuliimba kwa Kiswahili, wao kwa lugha zao, na hakuna aliyemkosesha mwenzake. Baadaye ikasikika sauti ya jogoo iliyorekodiwa, ambayo ni desturi ya miaka mingi, kisha bunduki ikalia.

Njia ina vilima vitano vinavyojulikana kwa majina: Cowies, Fields, Botha's, Inchanga na Polly Shortts. Katika mwaka wa kupanda, kile cha mwisho hukutana nawe wakati huna tena kitu.

Kule kuna utaratibu unaoitwa basi. Mkimbiaji mzoefu hubeba kibendera chenye muda anaokusudia kumaliza, na watu humfuata kama abiria wanavyomfuata dereva. Yeye huamua wapi watembee, wapi wakimbie, wapi wanywe maji. Basi letu lilikuwa la watu mia na zaidi, lililokusudia kumaliza muda mfupi kabla ya saa 12 kwisha. Dereva alitembea kwenye kila mpando tangu wa kwanza, wakati bado tuna nguvu, na watu wakiimba. Kwetu ilionekana kama uzembe.

Kwenye kilomita ya 25 hivi, huyu anayewasomea alichoka kutembea akiwa mzima. Alimwambia mwuguzi, "Dada, hawa watatuchelewesha." Mwuguzi akajibu, "Kaka, mimi nimelipa nauli ya basi hili. Nenda, tutaonana." Tukaachana.

Kwa saa tatu mambo yalikwenda vizuri. Tulipita Drummond, nusu ya njia, mbele ya muda. Maeneo ya Inchanga wako watoto wa shule ya Ethembeni, shule ya watoto wenye ulemavu na wasioona vizuri, ambao kila mwaka hupanga mstari barabarani wakinyoosha mikono wakimbiaji wawaguse. Jina lake maana yake ni penye tumaini. Hatukuona mkimbiaji aliyepita bila kuwagusa, hata wale waliokuwa wakigombania dakika.

Baada ya hapo miguu ilikwisha. Pumzi ilikuwapo na kichwa kilikuwa sawa, lakini mapaja yalikaza kama mbao. Kutembea kukawa shida, na kuteremka kukawa kugumu kuliko kupanda. Wenyeji waliokaa kando ya barabara walitupa viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, machungwa, na maji yaliyofungwa katika vifuko vidogo vya plastiki.

Hapa yatupasa tutoe onyo la kiafya, kwa maombi ya mwuguzi. Kishawishi cha aliyechoka ni kunywa maji kwenye kila meza. Mwaka 1985 watafiti wa Afrika Kusini, akiwamo Dakta Tim Noakes, waliandika juu ya wakimbiaji wa mbio ndefu waliougua vibaya kwa kunywa maji kupita kiasi, mpaka chumvi ya damu ikashuka. Ushauri wa sasa ni kunywa kwa kufuata kiu. Vilevile, vidonge vya maumivu kama diclofenac na ibuprofen vinaweza kudhuru figo za mtu aliyekaukiwa maji. Wakulima wetu wanaolima siku nzima juani na kumeza vidonge hivyo jioni walisikie na hilo.

Zikiwa zimebaki kama kilomita 15, tulisikia nyimbo nyuma yetu. Lilikuwa ni basi. Walikuwa wakitembea pale pale pa kutembea na kukimbia pale pale pa kukimbia, kama asubuhi. Mwuguzi alikuwa katikati yao. Alitushika mkono, akasema, "Panda, Kaka." Tulijaribu. Tulikwenda nao pengine mita mia mbili, kisha nyimbo zikaanza kusikika kwa mbali.

Juu ya Polly Shortts kuna kituo cha kufungia njia. Asiyefika kwa muda uliowekwa hasogei tena. Tulifika tukakuta kamba imeshavutwa barabarani. Kijana mmoja mwenye kisibau cha msimamizi alisema pole, akatuelekeza kwenye gari la kukusanya waliobaki. Kilomita zilizobaki zilikuwa nane. Ndani ya gari hapakuwa na aliyezungumza. Mzee aliyeketi karibu nasi alivua viatu, akaviweka mapajani, akaviangalia mpaka tulipofika.

Mwuguzi alimaliza kwa saa 11 na dakika 46. Kule, saa 12 zinapotimia, msimamizi husimama akiwapa wakimbiaji mgongo na kufyatua bunduki. Aliye hatua moja nyuma ya mstari hahesabiwi. Humpa mgongo mkimbiaji ili asimwonee huruma mtu mmoja kuliko mwingine.

Hesabu

Sasa tuje kwenye fedha. Ahadi zote kwa pamoja zilikuwa shilingi 40,000 kwa kila kilomita ya kila mkimbiaji. Kama sote tungemaliza, zingekuwa kilomita 172, yaani shilingi 6,880,000. Tulikimbia kilomita 164, kwa hiyo tulidai shilingi 6,560,000. Pengo ni shilingi 320,000.

Kabla ya kuandika taarifa, rafiki mmoja mwenye nia njema alitushauri tuandike tu kwamba timu ilimaliza. Alisema: mmoja wenu si amemaliza? Wafadhili wako mbali, na maji ni ya wagonjwa. Tulilala na shauri hilo usiku mmoja. Tunakiri kwamba lilikuwa na mvuto. Aibu ya kutomaliza ilikuwa nzito, na shilingi 320,000 ni vifaa vya kuungia mabomba ambavyo fundi alikuwa anavisubiri. Asubuhi mwuguzi aliuliza swali moja: mwakani tukiwaandikia kwamba mabomba yamefika zahanati, wataaminije? Tukaandika 86 na 78.

Ahadi zote zililipwa kwa hesabu hiyo. Pengo lilijazwa na sharika mbili kwa sadaka maalumu, na stakabadhi ziko katika faili la mradi. Yeyote anaweza kuzikagua.

Lakini swali gumu kuliko yote liliulizwa katika mkutano wa kijiji tuliposoma taarifa hii kwa mara ya kwanza. Mama mmoja, mjumbe wa kamati ya maji, alisimama akasema: "Ninyi mmelipiwa kila kilomita. Sisi tunakwenda kisimani na kurudi kilomita sita, ndoo kichwani, kila siku ya Mungu. Kilomita zetu analipa nani?" Watu walicheka, lakini yeye hakucheka.

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna jibu zuri. Tulichofanya ni kuliandika swali lake katika taarifa iliyokwenda kwa wafadhili, kwa maneno yake. Kisha kamati ikachaguliwa upya, na akina mama sasa ni nusu ya wajumbe, na mweka hazina ni yeye aliyeuliza. Wapagazi wa vita ile hawakuandikwa popote. Tusirudie jambo hilo katika vitabu vyetu vya miradi.

Tunaondoka na nini

Kuhusu triathloni, hatukwenda mwaka uliofuata. Goti la mmoja wetu lilihitaji miezi ya kupumzika, na kwa wiki nyingi alichoweza kufanya ni kuogelea tu. Tumeahirisha, hatujafuta. Clapham alikataliwa mara tatu, na sisi ndiyo kwanza tumekataliwa mara moja.

Kwa kamati zetu tunaomba mambo matatu. Kwanza, msichukue mradi wa pili kwa kudhani kwamba maandalizi ya mradi wa kwanza yanautosha. Ufugaji na maji vyote ni maendeleo, lakini kila kimoja kina miguu yake. Pili, tembeeni kwenye mpando wa kwanza mngali na nguvu. Tumeona miradi inayomaliza fedha na hamasa katika miezi mitatu, halafu inasimama zikiwa zimebaki kilomita nane. Tatu, msiliache basi. Anayetuchelewesha leo huenda ndiye anayejua njia.

Na kwa wafadhili tunaomba jambo moja: pokeeni taarifa za kilomita 78. Mkizikataa, mtaletewa za 86 ambazo hazikukimbiwa.

Anayemaliza kati ya saa 11 na saa 12 hupewa medali ndogo ya rangi ya shaba nyekundu, yenye jina la Vic Clapham. Mwuguzi ameitundika katika chumba cha kusubiria zahanatini, juu ya bomba. Bomba linatoa maji. Mkija kutibiwa, mtaiona.